Msinisimulie Mwisho wa Milango Miwili

Kwanza kabisa tuelewane. Kibandani kwangu hapa Mkuyuni unaweza kula samaki ukakosoa chumvi, ukakosoa pilipili, hata mimi mwenyewe ukanikosoa, nitakujibu na tutabaki marafiki. Lakini ukifungua mdomo kunisimulia mwisho wa Milango Miwili, sahani nakunyang'anya. Nimeandika kwenye kipande cha boksi, nimekitundika juu ya kabati la vioo: HAPA MWISHO HAUSIMULIWI. Watu wanasoma, wanacheka, wanadhani ni utani. Muulizeni Revocatus, fundi viatu. Siku hiyo alianza, "Mama Queen, kumbe yule Elmas…" na hakumaliza. Mpaka leo akitaka samaki wangu anamtuma mtu.

Najua mnanishangaa. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, mama mwenye binti anayejitegemea, nagombana na wateja kwa ajili ya tamthilia ya Kituruki! Ngojeni niwaeleze, halafu mseme wenyewe kama mimi ni mwendawazimu.

Jina langu Bernadeta Nkwabi. Miaka kumi na moja ya ujane wangu nimekaanga samaki Kigongo, pale kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Busisi. Magari yalikuwa yanapangana barabarani, madereva wanazima injini, abiria wanashuka kunyoosha miguu, na kivuko kiko ng'ambo kule kinapakia bila haraka yoyote. Unakaa saa nzima, siku nyingine saa mbili. Mtu mwenye njaa asiye na pa kwenda ni mteja mzuri, na ukimpatia cha kusikiliza haondoki. Mimi Mungu kaninyima vitu vingi lakini mdomo kanijalia. Mtu wa basi la Geita aliyekosa sehemu ya jana ya tamthilia anakuja kwangu, namgeuzia sato kwenye mafuta huku namweleza nani kafumaniwa na nani kawekewa sumu kwenye chai.

Ushauri nao nilitoa, tena bure. Ukiniuliza uangalie nini, nakuuliza kwanza nyumbani kwako kukoje. Kama umetoka kuachwa, za Kikorea usiguse, wale wanapendana kwa adabu mno, utalia mpaka uvimbe macho. Chukua za Kinigeria, mule utapiga kelele, utamtukana mganga, utalala vizuri. Kama mume wako haongei, angalia naye za Kituruki, maana wale wanatazamana dakika tano kabla ya kuitikia salamu, ataona yeye ana nafuu. Za hapa kwetu nazipenda, nisidanganye, ila jamani wabadilishe lile sofa! Tajiri anakaa sofa hilohilo, maskini hilohilo, na mganga akipewa sebule analo hilohilo.

Basi Jumatano moja, miaka miwili iliyopita, akaja mzee mmoja wa Kihaya. Alikuwa amevaa kofia ya pama na shati limepigwa pasi, utadhani anakwenda kwenye mahafali, kumbe anarudi Muleba na lori tupu baada ya kushusha ndizi Mwanza. Mwalimu Ponsian Rwehumbiza, mwalimu mkuu mstaafu. Alinisikia nikiwasimulia watu Milango Miwili, akatikisa kichwa.

"Mama, hizo tamthilia ni za watu wasio na kazi. Mimi naangalia taarifa ya habari tu."

"Taarifa ya habari ina steringi?" nikamuuliza.

"Haina."

"Basi nyamaza, ule mkia wa samaki wako."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Lakini hakuondoka pia, akasimama pale na sahani yake mpaka nikamaliza, na kivuko kilipopiga honi akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Sasa huyo binti atafungua mlango upi?"

Nilijua nimempata.

Hadithi yenyewe iko hivi. Elmas anakaa kwenye nyumba yenye milango miwili. Mlango wa mbele ndio aliotokea mchumba wake Orhan siku aliyokamatwa na polisi kwa kosa asilolitenda, na akiwa kwenye pingu alimwambia, "Huu usiufunge." Mlango wa nyuma, kila jioni anakuja Tarik, daktari wa mifugo, mwanamume mpole, anagonga mara tatu na hajibiwi. Sizoni nzima, sehemu sitini na tatu, tunangoja tuone Elmas atafungua upi.

Mimi nilikuwa upande wa Tarik tangu siku ya kwanza. Mimi ni Msukuma, mtu anayejua kutibu ng'ombe simwachi nje. Halafu kusubiri miaka saba mtu aliye gerezani ni ujinga, nilisema wazi. Mwalimu yeye alikuwa wa Orhan. "Ahadi ni ahadi, Mama Queen. Dunia bila subira itaharibika." Nyoo! Subira ya wapi, na yeye kivuko kikichelewa dakika kumi anaanza kuangalia saa?

Nilimwelekeza kwa Jonathan, kijana wangu wa laibrari hapa Mkuyuni, anayewawekea watu sizoni kwenye flashi. Tamthilia ikishatafsiriwa Kiswahili, Jonathan anaipata sehemu kumi kumi. Mwalimu akinunua, anaangalia kwao Muleba wiki nzima, na Jumatano anakuja Kigongo amejaa hoja. Alikuwa anaziandika! Ndani ya mfuko wa shati ana karatasi: kwanza, pili, tatu. Tulikuwa tunabishana mpaka madereva wengine wanaacha kula wanatusikiliza. Kuna siku kivuko kilimwacha na lori lake kwa sababu alikuwa hajamaliza hoja ya nne.

Nami Jumanne usiku nilianza kulala mapema ili Jumatano niwe na uso mzuri. Queen, binti yangu, fundi wa saluni hapa Mkuyuni, alikuja kunitembelea akaniona najipaka mafuta mikononi. Akaniangalia tu. Nikamwambia, "Koma!" Hakuwa amesema neno.

Ikafika Jumatano moja mwishoni mwa mwezi wa tano. Tulikuwa tumefika sehemu ya hamsini na tano, zimebaki nane. Mwalimu siku hiyo hakuwa na karatasi. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama Queen, mke wangu ana miaka sita tangu afariki. Nyumba yangu ni kubwa na kimya. Nataka kukuuliza kama unaweza kuwa mke wangu. Na kama hutaki kuhama, mimi naweza."

Mimi Bernadeta ninayejua kumshauri kila mtu, nilianza kugeuza samaki niliyekwisha kumgeuza. Mafuta yanachemka, moyo unachemka. Nikashika la kwanza lililonijia.

"Tukimaliza Milango Miwili, nitakujibu."

Akatabasamu. "Basi nipe namba yako ya simu."

"Namba ya nini, Mwalimu? Jumatano si ipo?"

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Kwa maringo tu. Nilitaka anitafute kidogo, apande mlima kidogo. Jamani, maringo ya uzeeni ni mabaya kuliko ya usichana, muda wenyewe hauna.

Maana wiki mbili tatu hivi baadaye, daraja likafunguliwa.

Msiniambie hukuliona, Mama Queen, likijengwa mbele ya macho yako. Nililiona! Nililiona tangu nguzo ya kwanza, na mafundi wake walikula samaki wangu. Lakini kitu ukikiona kinajengwa kila siku miaka na miaka unaacha kuamini kwamba kitakwisha. Siku ya kufunguliwa nilipiga vigelegele na wenzangu, nikatembea juu yake kwa miguu yangu mpaka Busisi, upepo unanivuta kitenge, nikafurahi kabisa. Wagonjwa hawatafia tena kwenye foleni, na hilo si dogo. Kilichofuata sikukiwaza. Magari yaliacha kushuka gatini. Dakika chache tu mtu kashavuka, hata njaa haijamuuma.

Jumatano iliyofuata nilibeba beseni langu nikasimama kando ya barabara kuu. Malori ya ndizi yalipita, matatu, manne, yote kwa kasi. Mwalimu sikumwona. Jumatano ya pili vivyo hivyo. Ya tatu sikuwa na samaki wa kukaanga wala mtu wa kumkaangia, Queen akaja na kirikuu, tukapakia jiko, mabenchi, karai na kile kigogo changu cha kukalia, tukahamia mjini. Nikakaa naye chumbani kwake Igogo, nikafungua kibanda hapa Mkuyuni, mwavuli mwekundu, ukivuka tu soko.

Biashara haikuwa mbaya. Lakini mimi nilikuwa mbaya. Nilikuwa mkali, nilikuwa nasonya ovyo, nilichoma samaki. Na sehemu zile nane sikuziangalia. Nilimwambia mtu kwamba tukimaliza nitamjibu, sasa nikimaliza peke yangu jibu nampelekea nani? Hapo ndipo nilipotundika lile boksi. Maana Mwanza nzima ilikuwa imeshaona mwisho na kila mtu anawashwa mdomo. Kwenye saluni ya Queen wanausimulia, kanisani kwaya wakipumzika wanausimulia. Nilikuwa natembea na vidole masikioni kama mtu anayepita kwenye mashine ya kusaga.

Nilikwenda kwa Jonathan. "Yule mzee wa Kihaya mwenye pama, anakuja?"

"Shikamoo mama. Hajaja tangu mwezi wa sita."

Nikashika njia ya kurudi kibandani. Nilimpenda yule mzee, niseme tu, nimeshakuwa mtu mzima wa kuficha nini? Nilimpenda na karatasi zake zote.

Queen ndiye aliyetoa wazo. "Mama, jirekodi sauti. Mwachie Jonathan. Siku mzee akija kutafuta sizoni, anapewa."

Nikakataa siku mbili. Siku ya tatu nikachukua simu yake, nikajifungia, nikasema hivi, nayakumbuka maneno kwa sababu baadaye niliambiwa na mkoa mzima:

"Mwalimu Ponsian Rwehumbiza, ni mimi Bernadeta wa samaki. Niko Mkuyuni, ukivuka soko, mwavuli mwekundu. Zile sehemu nane sijaziangalia, nakungoja wewe. Halafu kuhusu Elmas nilikosea. Nilisema kusubiri ni ujinga. Ni ujinga kweli, ila sasa naufanya mwenyewe na sitaki kuacha. Namba niliyokunyima ni hii hapa." Nikaitaja mara mbili, polepole, kama mtu anayesomesha darasa la kwanza. "Na ukija, usije na karatasi."

Sasa msikilizeni Jonathan alivyofanya, kijana mzuri, mpole, lakini akili yake Mungu anaijua. Aliwaza hivi: mzee akija, ataomba Milango Miwili, nikiiweka hii sauti mbali nitaisahau, basi niiweke humohumo kwenye folda ya Milango Miwili, tena mwanzoni, kabla ya sehemu ya kwanza, asiipite. Akaiweka. Na kila aliyekuja kutaka Milango Miwili kuanzia siku ile, Jonathan anaburuta folda nzima, anamjazia kwenye flashi, asante karibu tena.

Simu ya kwanza ilitoka Ukerewe. Mwanamke, sauti nyororo. "Dada Bernadeta, usikate tamaa."

"We nani?"

"Hunijui. Nimekusikia kabla ya sehemu ya kwanza. Nimelia, dada."

Nikadhani kalewa. Baada ya hapo ikapiga Magu, ikapiga Kahama, ikapiga Ukerewe tena. Mtu mmoja wa Bunda alitaka kujua kwa nini nilimnyima mzee wa watu namba, akanigombeza kweli, nami nikamgombeza. Mwingine akasema yeye naye anaitwa Ponsian, wa Katoro, hana mke, na samaki anawapenda sana. Nilimkatia simu, akapiga tena kuuliza kama nina mdogo wangu.

Nilishika mwiko nikaenda kwa Jonathan. Nilipoingia alikuwa amevaa spika za masikioni, hakunisikia, na mbele yake kwenye kompyuta kuna mteja anangoja flashi, na kutoka kwenye spika kubwa mlangoni nikajisikia mwenyewe: "…naufanya mwenyewe na sitaki kuacha."

"Jonathaaan!"

Aliruka, kiti kikaanguka. Nilipomweleza, akashika kichwa. "Mama, nisamehe. Naifuta sasa hivi. Lakini kwenye flashi za watu… zimeshakuwa kama mia mbili."

Mia mbili! Na kila flashi inakwenda kwenye nyumba, nyumba ina majirani, majirani wana flashi. Nilikaa kwenye kile kiti chake kilichoanguka nikacheka. Ningefanya nini kingine? Nilicheka mpaka yule mteja akanipa leso. Aibu ikizidi sana inageuka kicheko, na mimi yangu ilikuwa imefika mpaka Bunda.

Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa silali. Kama mkoa mzima umesikia, na yeye kasikia. Kama kasikia na hajaja, basi jibu ndilo hilo. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kuichukua flashi aliyoniwekea Jonathan niangalie sehemu zote nane kwa mkupuo, yaishe. Nikaichomeka kwenye televisheni, nikashika rimoti, Queen akiniangalia. Nikaichomoa, nikaenda kuparua samaki.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, wateja wamejaa. Nikasikia bajaji mbili zinasimama, watu wanashuka na kelele zao. Mama mmoja amebeba kuku, vijana wawili, na mwanamume mnene mwenye mkoba wa konda. Katikati yao, kofia ya pama.

Mwiko ukabaki hewani.

Yule konda ndiye aliyeanza. "Ndiyo wewe Bernadeta? Mzee wako huyu hapa, tumemleta!"

Kumbe ilikuwa hivi. Lori la Mwalimu liliharibika gia boksi wiki ileile ya daraja, likalala Muleba wiki nne. Lilipopona akaja, akateremka mpaka gatini Kigongo, akakuta patupu, hata kigogo changu hakipo. Namba hana. Akasema moyoni, mwanamke aliyeninyima namba akaondoka bila kuaga, jibu lake si ni hili? Akamwachia kijana wa jirani kazi ya kuleta ndizi, yeye akarudi kwenye taarifa yake ya habari. Milango Miwili hakuigusa tena. Jumamosi hiyo alipanda basi kuja Mwanza kununua miwani. Basi limetoka Muleba asubuhi, konda kachomeka flashi yake ili abiria waangalie tamthilia, na kabla ya sehemu ya kwanza basi zima likasikia: "Mwalimu Ponsian Rwehumbiza, ni mimi Bernadeta wa samaki."

"Akaruka kwenye kiti," mama wa kuku akasema. "Tukajua ni yeye!"

Saa tano nzima za njiani, basi halikuangalia tamthilia. Lilimhoji Mwalimu. Wengine walimlaumu, wengine wakamtetea, Biharamulo wakampa maji, Geita wakamshauri aseme nini, na kwenye daraja dereva alipunguza mwendo kumwonyesha kwa mbali gati la Kigongo, na basi zima likasema "aaaa." Walimwambia apige simu, akakataa. Mambo haya hayazungumzwi kwenye simu. Hawa wanne stendi ya Nyegezi walikataa kumwacha aje peke yake.

Mwalimu akasogea mpaka mbele ya karai langu. Alikuwa amekonda kidogo. Akavua kofia. Kibanda chote kiliacha kutafuna, hata mafuta nadhani yaliacha kuchemka.

"Mama Queen," akasema. "Umekosea."

"Nini?"

"Kwenye flashi umesema Elmas amsubiri Orhan. Umekosea. Mimi nimelifikiri jambo hili miezi yote. Afungue mlango wa nyuma, tena haraka. Kusubiri kunamzeesha mtu."

"Ebo! Wewe si ndiye uliyesema dunia bila subira itaharibika?"

"Nilisema hivyo kabla sijasubiri."

"Sasa mimi nimesubiri, nimeona faida yake, ndiyo unanijia na habari za Tarik? Mwaka mzima namtetea Tarik peke yangu foleni nzima, ulikuwa wapi?"

"Hoja ya kwanza…" akasema, mkono ukaenda kwenye mfuko wa shati, na nikaona karatasi.

"Nilisema usije na karatasi!"

"Mama, samaki!" Queen alikuwa amekuja mbio kutoka saluni na chanuo bado mkononi. Samaki walikuwa wameshageuka mkaa, sato sita. Sikujali. Nilikuwa nacheka na kulia, na konda naye anafuta macho kwa shati. Queen akamsalimia, "Shikamoo baba," na Mwalimu akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu mkuu hata kidogo. Siku hiyo wote wanne walikula bure, na kuku wa yule mama akapewa ugali.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tukakaa chumbani kwa Queen, Igogo. Sehemu nane. Mimi na Mwalimu kwenye mkeka, Queen kitandani, Jonathan mlangoni maana alitaka kujua kama amesamehewa. Dirishani walijaa majirani, wote wameshaona mwisho, wote nimewaapisha mmoja mmoja. Tuliangalia, tukabishana, tukala, tukaangalia. Sehemu ya sitini Orhan akatoka gerezani. Ya sitini na mbili Tarik akauza farasi wake. Kufika ya sitini na tatu ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua limeingia mpaka ukutani.

Elmas amesimama katikati ya nyumba. Mlango wa mbele unagongwa. Mlango wa nyuma unagongwa, mara tatu. Anavuta pumzi. Anaanza kutembea, kamera inaonyesha miguu tu, halafu mkono wake, mkono unashika komeo, na hatuoni ni la mlango gani.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa hatazami televisheni. Alikuwa ananitazama mimi, kofia magotini, kaishika kwa mikono miwili kama siku ile Kigongo. Nikaona jinsi anavyoogopa. Anangoja Elmas afungue ndipo mimi nifungue mdomo. Kwa nini? Elmas ni nani kwetu?

Nikachukua rimoti nikazima.

Dirishani watu walipiga yowe. "Mama Queen! Sekunde mbili tu!" Jonathan akashika kichwa kwa mara ya pili mwaka ule.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Jibu langu ni ndiyo. Na kuhama sihami."

Yule Mhaya mwenye hoja nne kwa kila jambo hata karatasi hakuigusa. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Halafu akanishika mkono wenye rimoti, akaung'ang'ania, machozi yanamtoka waziwazi mbele ya Igogo nzima.

"Wabeja," akasema. Asante ya Kisukuma! Kumbe alikuwa amejifunza njiani, kwenye basi.

Akajikohoza. "Sasa washa, tuone amefungua upi."

"Siwashi."

"Bernadeta."

"Nilisema tukimaliza nitakujibu. Nimekujibu kabla. Nikiwasha, mmoja wetu atakuwa ameshinda, na Jumatano tutabishana nini?"

Ndoa tulifunga mwezi wa kumi na moja. Basi lilikuja, lilelile, na konda alikaa meza ya wazee. Mwalimu amehamia Igogo, Muleba anakwenda kuangalia migomba yake na kurudi. Ile flashi iko kabatini, haijaguswa. Miezi ya mwanzo kila Jumapili alikuwa ananiambia, washa, nami nasema siwashi. Siku hizi haniambii.

Jana mchana alikaa hapa kibandani ananisaidia kumenya vitunguu, akaja mteja mgeni, kijana wa chuo, akaagiza sato mkubwa. Akasoma lile boksi langu, akacheka. "Milango Miwili! Mama, kumbe yule Elmas…"

Kabla sijanyanyua mwiko, Mwalimu alikuwa ameshamnyang'anya sahani.